Eti Anakua

Bibi yangu alikuwa na dawa moja tu ya miguu: mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kwenye kijiko, na maneno mawili. "Unakua wewe." Mafuta aliyapaka kuanzia gotini kushuka chini, kwa kiganja kigumu kama gome la mwembe. Yale maneno aliyasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha funga mjadala. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nyumba yetu ya Buguruni ilikuwa na vyumba sita na uani pamoja na wapangaji, na usiku wa mgao wa umeme, feni zimezima na redio zimenyamaza, kilio changu kilisikika mpaka kwa muuza mkaa wa nyumba ya tatu. Asubuhi naamka mzima, natoka mbio kwenda kucheza chandimu, na hakuna anayekumbuka. Hata mimi mwenyewe sikumbuki. Mpaka usiku mwingine.

Na kweli nilikua. Nimefika futi tano na inchi kumi, si haba, kwa hiyo kwa miaka mingi sikuona sababu ya kumbishia bibi. Yale maneno yake nilianza kuyatilia shaka baadaye, kwa ajili ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyehamia kwetu naye akawa analia miguu usiku. Naye alipakwa mafuta ya nazi. Naye aliambiwa anakua. Nitamrudia huyo, maana bila yeye nisingeandika makala haya.

Kwanza tuyafuate maneno yenyewe. Bibi pengine aliyapata kwa bibi yake, na huko hatuwezi kufika kwa sababu hakuna aliyeandika. Lakini kuna madaktari wa Ulaya waliosema maneno hayohayo, na wao waliyaandika, kwa hiyo nyayo zao zinafuatika. Mwaka 1823 Mfaransa mmoja, Marcel Duchamp, alichapisha andiko lenye kichwa Maladies de la croissance, yaani maradhi ya kukua. (Ndugu zangu wa sanaa msishtuke. Si yule Duchamp aliyepeleka choo cha kukojolea kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917. Huyo alizaliwa 1887. Ni majina yamegongana tu. Ingawa ukifikiri vizuri, wote wawili walichukua kitu cha kila siku, wakakibandika jina, na dunia ikakubali.)

Wazo lake ukilisikia mara ya kwanza linaingia akilini kama ufunguo kwenye kitasa. Mtoto anakua, mtoto anaumwa, basi kukua ndiko kunakouma. Mifupa inarefuka, misuli inavutwa, itaachaje kuuma? Hata mimi ningekubali. Sisi tunaojifunza kuandika tunajua nguvu ya jina zuri: likishatolewa, watu hawaulizi tena.

Ubaya ni kwamba jina la namna hiyo ni kapu. Likishakuwepo, kila mguu unaouma hutupwa humo, na karne ya 19 ilikuwa na miguu mingi ya kutupa. Watoto wa miji ya viwanda kule Uingereza, waliolelewa kwenye moshi na vichochoro visivyoona jua, walikuwa na matege kwa kukosa vitamini D, mifupa laini inayouma ikiguswa. Kulikuwa na kifua kikuu cha nyonga na cha magoti. Na kulikuwa na ile homa ya baridi yabisi, ambayo ndiyo iliyowatoa madaktari usingizini.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya lugha yetu. Baridi yabisi maana yake ni baridi kavu. Yabisi ni neno la Kiarabu, kavu. Ni masalia ya tiba ya kale ya Wagiriki iliyopita mikononi mwa Waarabu ikafika pwani yetu, tiba iliyougawa mwili na maradhi yake kwa joto na baridi, umajimaji na ukavu. Bibi hajawahi kumsikia Galen. Lakini aliponikataza kukaa kwenye sakafu ya saruji kwa sababu "baridi itaingia mifupani", alikuwa anaongea Kigaleni safi kabisa.

Sasa homa yenyewe. Inaanza kooni. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria wanaoitwa streptokoka, anapona, watu wanasahau. Wiki mbili au tatu baadaye kinga yake ya mwili, ambayo ilikuwa inapigana na wale bakteria, inachanganyikiwa na kuanza kuushambulia mwili wenyewe. Leo goti linavimba, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Kisha uvimbe unaondoka bila kuacha alama na mama anashukuru Mungu. Kumbe ugonjwa umeshapita kwenye vali za moyo, na huko alama inabaki. Daktari Walter Cheadle wa London, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1889, alionya kwamba kwa watoto homa hii inaweza kuja kimyakimya: hakuna goti lililofura, kuna maumivu madogo tu ya hapa na pale, na huku moyo unaliwa. Maumivu madogo ya hapa na pale wazazi walikuwa wanayaitaje? Unajua tayari.

Basi hofu ikageukia upande wa pili. Mguu ambao jana ulikuwa "anakua" leo ukawa "moyo". Watoto wazima kabisa walilazwa kitandani wiki na miezi, marufuku kukimbia, marufuku kupanda ngazi, eti moyo upumzike. Nikisoma habari zao nawahurumia kuliko wagonjwa wenyewe. Hebu fikiria una miaka minane, asubuhi huumwi popote, na unawaangalia wenzako wakicheza mpira kupitia dirishani. Ilichukua muda kutenganisha mambo hayo mawili. Mwaka 1939 daktari Hawksley wa London aliandika kwamba maumivu ya miguu ya usiku na maumivu ya homa ya baridi yabisi ni vitu viwili tofauti, na mwaka 1944 T. Duckett Jones wa Boston akaweka vigezo vya kuutambua ugonjwa ule, kwamba dalili moja peke yake haitoshi. Lazima kadhaa zikutane. Vigezo hivyo vimerekebishwa mara nyingi lakini mpaka leo vinaitwa kwa jina lake.

Wala tusidhani hayo ni mambo ya Wazungu yaliyokwisha. Kwao ugonjwa huo ulipungua sana katika karne ya 20, nyumba zilipopata nafasi na penisilini ilipopatikana. Kwetu bado upo. Wapo vijana Afrika Mashariki wenye vali zilizoharibika kwa sababu ya koo la utotoni, na sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne ndiyo inayowakinga wasishambuliwe tena.

Kapu likaendelea kupungua. Mwaka 1903 Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich, kila mtu kwake, walieleza kile kinundu kinachouma chini ya goti la kijana anayecheza sana. Mwaka 1910 Legg wa Boston, Calvé wa Ufaransa na Perthes wa Ujerumani walieleza ugonjwa wa watoto ambamo kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kubonyea. Kila aliyetoa kitu kwenye kapu alikipa jina lake mwenyewe, madaktari ndivyo walivyo. Shikeni huo mwaka 1910, tutaurudia.

Kapu lilibaki na nini? Swali hilo lilishikwa kwa makini Bristol. Mwaka 1951 Naish na Apley walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wanaoumwa miguu bila kuwa na ugonjwa wa viungo. Walikataa kuhesabu kila anayelalamika. Maumivu yawe ya kuja na kuondoka kwa muda usiopungua miezi mitatu, yasiwe kwenye kiungo chenyewe, yawe makali kiasi cha kumkatiza mtoto shughuli au usingizi. Na kukua? Hawakuona kwamba kukua kuna hatia. Mwaka 1972 kule Denmark, Øster na Nielsen nao walichunguza watoto wa shule na hawakukuta kwamba maumivu yanafuata kasi ya kukua.

Hesabu yake hata mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Mwaka wa kwanza wa maisha mtoto anarefuka kama sentimita 25. Kati ya miaka minne na minane anarefuka sentimita tano au sita tu kwa mwaka. Akibalehe anafyatuka tena, mvulana anaweza kupata sentimita tisa au zaidi katika mwaka mmoja. Kama kukua kungekuwa kunauma, wanaolia zaidi wangekuwa vichanga, wakifuatiwa na wavulana wa sekondari ambao suruali zinawaacha kila baada ya miezi sita. Lakini sivyo. Miguu inauma hasa kati ya miaka mitatu na 12, na sehemu kubwa ya kipindi hicho mwili unatambaa taratibu. Sentimita tano na nusu kwa mwaka ni milimita 0.15 kwa siku, kama unene wa karatasi moja na nusu ya daftari. Karatasi moja na nusu, ndugu msomaji, ndiyo iliyokuwa imelaumiwa kwa makelele yangu yote yale.

Bibi naye asikate tamaa. Mwaka 2004 watafiti Wamarekani walichapisha matokeo ya kipimo cha ajabu: walipandikiza vifaa kwenye mfupa wa muundi wa wanakondoo, wakafuatilia ni saa ngapi mfupa unarefuka. Walikuta angalau asilimia 90 ya kurefuka ilitokea mnyama akiwa amelala au amejipumzisha. Kwa hiyo usiku tunakua kweli. Ila wanakondoo hawakuulizwa kama inauma, na kurefuka usiku si ushahidi kwamba kurefuka ndiko kunakoliza.

Mwaka huohuo wa 2004 utafiti wa Australia Kusini ulikuta asilimia 36.9 ya watoto wa miaka minne hadi sita wana maumivu haya. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu! Na mwaka 2022 watafiti wa Sydney wakakusanya tafiti 145 zilizotumia jina la maumivu ya kukua, waone wenzao wanamaanisha nini. Walikuta hawaelewani. Tena zaidi ya tisa kati ya kumi hazikuhusisha kabisa maumivu hayo na kukua. Jina limeishi karibu miaka 200 na waliolibeba wameacha hata kuangalia ndani yake.

Sababu ya kweli ni nini? Wengine wanasema ni uchovu wa miguu iliyokimbia mchana kutwa. Wengine wanaona yanafanana na miguu isiyotulia ya watu wazima, ambayo Msweden Karl-Axel Ekbom aliieleza mwaka 1945. Wengine vitamini D. Wengine wanasema ni watoto wanaohisi maumivu kwa urahisi kuliko wenzao. Bado hakuna aliyeshinda. Kinachojulikana ni kwamba hayaachi kilema, yanaisha yenyewe, na kumkanda mtoto kunasaidia. Mwaka 1988 Wakanada wawili waliripoti kwamba watoto walionyooshwa misuli asubuhi na jioni walipona haraka kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, kiganja cha bibi kilikuwa na akili kuliko maneno yake.

Sasa mdogo wangu.

Alikuja kwetu mwaka 2008, akiwa na miaka mitano, mama mdogo alipokwenda kutafuta maisha Mwanza. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Alikuwa mwembamba, tumbo mbele, macho yana umanjano ambao sote tuliuona na hakuna aliyeusema. Mama mdogo aliwahi kusimulia kwamba alipokuwa mchanga viganja na nyayo zake vilivimba kama maandazi, vikapona. Usiku alilia miguu kama nilivyolia mimi, na bibi alipasha mafuta.

Tofauti ilikuwa asubuhi. Mimi nilikuwa naamka na kukimbia. Yeye alikuwa anakaa kwenye kibaraza ameinyoosha miguu, anatazama. Tukimwita kwenye chandimu anatikisa kichwa. Tukampa jina la utani, Mzee. Mimi nilimwita mvivu. Si mara moja. Nilimwambia mbele ya wenzangu kwamba analia usiku ili alale na bibi, na kwamba mchana anajifanya mgonjwa ili asitumwe dukani.

Bibi alimpeleka kwenye zahanati moja ya mtaani. Siitaji, na nadhani zahanati yoyote siku hizo ingeweza kufanya vilevile. Waliibonyeza miguu, wakaandika dawa ya malaria na panadol, na aliyekuwa amevaa koti jeupe akasema: "Anakua huyu, bibi. Mpeni maziwa." Bibi alirudi nyumbani ameshinda. Hata hospitali imesema! Kwa miaka miwili maneno yale hayakuwa tena ya kizee. Yalikuwa yamegongwa muhuri.

Aliyeyavunja ni dada mmoja nesi aliyekuja kupanga chumba cha uani mwaka 2010. Usiku mmoja mdogo wangu alilia mpaka sauti ikakauka, anashika nyonga, mwili unawaka homa. Nesi alitoka na tochi, akamfungua macho, akammulika. Kisha hakuuliza analia tangu lini wala amekula nini. Aliuliza: "Asubuhi huwa anakimbia?"

Bibi akanyamaza. Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema, "Hapana. Hakimbii kabisa." Nikajisikia nimekuwa mtu mwingine hapohapo.

Muhimbili walichukua damu. Ilikuwa selimundu.

Nirudi kwenye ule mwaka niliowaambia mshike. Mwaka 1910, mwaka uleule wa Legg na Calvé na Perthes, daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari ya kijana mmoja mweusi ambaye seli zake nyekundu za damu zilionekana kwenye hadubini zimepinda kama mundu. Kijana huyo alikuwa Walter Clement Noel, kutoka kisiwa cha Grenada, aliyekwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Aliyeziona seli zile kwanza alikuwa daktari mwanafunzi, Ernest Irons. Herrick ndiye aliyepata jina. Noel alikuwa na vidonda miguuni vilivyoacha makovu, na kifua kilichomsumbua tena na tena. Alimaliza masomo, akarudi Grenada, akang'oa watu meno mpaka alipofariki mwaka 1916, akiwa na miaka 32. Vitabu vya tiba vinahesabu ugonjwa huu kuanzia kwake.

Lakini je, ulianza kwake? Daktari wa Ghana, Felix Konotey-Ahulu, alionyesha kwamba lugha za kwao zilikuwa na majina ya ugonjwa huu bila kusubiri hadubini ya Chicago. Waga wanauita chwechweechwe. Litamke jina hilo taratibu; ni sauti ya kitu kinachotafuna, kinaacha, kinatafuna tena. Aliufuatilia katika ukoo wake mwenyewe mpaka mwaka 1670, kizazi kwa kizazi, nani aliumwa mifupa na nani alikufa mdogo. Sisi neno letu selimundu limeundwa kutokana na umbo lile la kwenye hadubini, seli na mundu. Ni neno zuri, silisemi vibaya. Ila linasema daktari anaona nini. La Waga linasema mtoto anasikia nini.

Na mkono wetu sisi katika ugonjwa huu upo, tena mkubwa. Anthony Allison, Mzungu aliyekulia kwenye shamba Kenya, alipokuwa mwanafunzi wa Oxford mwaka 1949 alizunguka nchi hiyo akikusanya damu. Aliona kwamba wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano katika baadhi ya jamii, na nyanda za juu zenye baridi karibu hawapo. Ramani hiyo ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: anayerithi kinasaba kimoja hapati malaria kali kirahisi, kwa hiyo kinasaba kinadumu, anayerithi viwili, kutoka kwa baba na kwa mama, ndiye anayeumwa. (Sehemu ya ushahidi wake ilikuwa wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea Nairobi na kuambukizwa malaria makusudi. Leo utafiti wa namna hiyo ungezua maswali makubwa, na nadhani hata siku zile kuna mtu alipaswa kuuliza.)

Nyumbani kwetu elimu hiyo ilifika kwa njia ya ugomvi. Ukoo wa baba yake mtoto wakasema ugonjwa umetoka upande wetu, mwanamke amewaletea damu mbaya. Sisi tukasema umetoka upande wao. Kikao kilifanyika, sauti zikapanda, na yule dada nesi alipoitwa kueleza aliwaambia kwamba pande zote mbili mna haki na pande zote mbili mmekosea, maana bila baba na mama wote kuwa nacho mtoto asingeumwa hivi. Watu walitawanyika kimya. Nadhani walitaka mshindi.

Ndani ya mguu wa mdogo wangu kilichokuwa kinatokea ni hiki. Seli zilizopinda ni ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mfupa ulio mbele ya kizuizi unakosa hewa. Ni mfupa unaokabwa. Kwa kawaida miezi ya mwanzo mtoto analindwa na damu ya kichanga, kisha dalili zinaanza, na mara nyingi ya kwanza ni ile ya viganja na nyayo kuvimba kama maandazi. Tulikuwa nayo hiyo dalili tangu mwanzo, tukaigeuza hadithi ya kuchekesha. Na nyonga aliyokuwa anaishika usiku ule ilikuwa imeshaanza kuharibika: kichwa cha mfupa wa paja kilikufa kwa kukosa damu. Leo mguu wake mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwingine.

Wataalamu wanakadiria kwamba kila mwaka Tanzania wanazaliwa watoto kati ya 8,000 na 11,000 wenye selimundu. Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa mpango maalumu wa utafiti na tiba, kazi iliyoongozwa na Julie Makani, na mdogo wangu akaingia humo: penisilini alipokuwa mdogo, asidi ya foliki, kinga ya malaria, maji mengi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa haidroksiyurea kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Dawa hiyo ilipunguza vipindi vya maumivu, malaria na vifo. Yeye anaimeza kila siku.

Sasa ana miaka zaidi ya 20, anatengeneza simu Kariakoo kwenye meza ya futi tatu. Kazi ya kukaa, anasema, aliifanyia mazoezi tangu kibarazani. Mwaka jana, nikiwa naandaa makala haya, nilimwambia nasikitika kwa yale maneno ya uvivu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo marefu. Aliinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua, akasema, "Kaka, acha hizo. Kwani umekuja na vocha?"

Bibi bado yupo, na kijiko bado kipo. Juzi mpangaji mpya alimleta binti yake wa miaka saba, analia miguu yote miwili, nyuma ya magoti. Bibi hakusema anakua. Alimbonyeza goti moja na jingine kuona kama limevimba, akamgusa paji la uso, akamwinua kope kwenye mwanga wa taa. Kisha akamgeukia mama.

"Asubuhi anakimbia?"

"Anakimbia, bibi. Leo nimemfukuza mpaka kwenye kona ndiyo nimemvalisha viatu vya shule."

Bibi akaniambia nimletee mafuta.